Audrey Hepburn hakulelewa kwa mteremko

Jamani mwandishi, hapo uliposema Audrey Hepburn, yule mwigizaji maarufu wa filamu, alizaliwa kwenye utajiri na mambo yakamnyookea tu mi sikubali kabisa. Sawa mamake alikuwa wa ukoo mkubwa Uholanzi, ila babake aliondoka nyumbani 1935 mtoto ana miaka 6, halafu vita vilipoanza 1939 mama akamtoa Uingereza akampeleka Arnhem, mji wa Uholanzi, akijua huko ndo salama, kumbe mwaka uliofuata Wajerumani hao wakaingia! Mume wa dada ya mamake wakampiga risasi 1942. Na bado binti alikuwa anacheza bale, ile densi ya jukwaani, usiku kwenye nyumba za watu, mapazia yamefungwa, na akimaliza hakuna anayepiga makofi maana wangesikika nje, hela ikichangwa inaenda kwa waliokuwa wanawapinga Wanazi kwa siri. Ikaja ile njaa ya baridi ya 1944, watu wanakula mpaka vitunguu vya maua ya tulipu, akatoka hapo na upungufu wa damu. Baadaye London kwa mwalimu wa bale Marie Rambert anaambiwa we ni mrefu na njaa imeshakudhoofisha mwili, kilele cha bale hufiki. Ndo akageukia uigizaji. Hapo ndo panapouma na nyie mmeparuka!