Steringi Asiyevua Helmeti

Kwenye vibanda vya video tulikokulia, steringi alijulikana kwa uso. Ukichelewa kuingia unamuuliza jirani yako steringi ni yupi, naye anakuonyesha kwa kidole. Sylvester Stallone hakuhitaji hata kuonyeshwa, maana kila mtoto alimjua kwa Rambo. Kwa hiyo naelewa kwa nini waliotengeneza filamu yake ya mwaka 1995, Judge Dredd, walifanya kosa ambalo mashabiki wa hadithi hiyo hawajawasamehe hadi leo: walimvua helmeti.

Dredd alizaliwa mwaka 1977 katika jarida la vibonzo la Uingereza, 2000 AD, kwa kazi ya mwandishi John Wagner na mchoraji Mhispania Carlos Ezquerra. Katika jiji la kesho liitwalo Mega-City One, polisi, hakimu na mnyongaji ni mtu mmoja, aitwaye jaji, na Dredd ni mmoja wa majaji hao. Anakukamata, anakuhukumu na kukuua palepale barabarani. Wachoraji wameuficha uso wa Dredd chini ya helmeti miaka yote, kwa sababu sheria ya namna hiyo haina sura ya kuombwa huruma. Lakini vibonzo hivyo vilikuwa pia na dhihaka kali. Msomaji alitakiwa kumwogopa Dredd na kumcheka kwa wakati mmoja.

Filamu ya Stallone, iliyoongozwa na Danny Cannon, iliuchukua upande wa kicheko ikauzidisha. Sare ilibuniwa na Gianni Versace, mabega yanang'aa dhahabu kama mapambo ya harusi. Armand Assante, adui mkuu, anapayuka kila anapofungua mdomo. Rob Schneider amepewa kazi ya kuchekesha hata pale ambapo watu wanakufa. Iligharimu takriban dola milioni 90 na kuingiza kama milioni 113 dunia nzima, kiasi ambacho hakitoshi ukikumbuka kwamba wenye majumba ya sinema nao wana mgao wao.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoitupa yote jalalani. Jiji lake lina uhai. Majengo yamepandana hadi mawinguni, pikipiki zinaruka, kuna roboti la kivita lenye kutu linalotisha kweli, na nje ya kuta kuna jangwa lenye familia ya wala watu. Huo ndio ulimwengu wa vibonzo, wenye wazimu wake wote. Tatizo ni kwamba katikati yake kuna mtu aliyesingiziwa mauaji anayetafuta kulisafisha jina lake. Ukishamfanya Dredd mtu wa kuonewa huruma, hadithi imegeuka kuwa nyingine kabisa.

Mwaka 2012 ikaja Dredd, iliyoandikwa na Alex Garland na kuongozwa na Pete Travis, Wagner mwenyewe akiwa mshauri. Karl Urban anaigiza filamu nzima kwa kidevu na sauti, helmeti haitoki. Ilipigwa Afrika Kusini, Cape Town na Johannesburg, kwa bajeti ndogo kuliko ile ya 1995. Ufinyu huo wa fedha uliisaidia. Badala ya kuzunguka jiji zima la watu milioni 800, kamera inafungiwa katika jengo moja la ghorofa 200, Peach Trees, linalotawaliwa na Ma-Ma, mwuza dawa za kulevya aliyeigizwa na Lena Headey. Milango ya chuma inashuka, na Dredd na mwanagenzi wake Anderson hawana njia ya kutoka. Mapema tu tunaambiwa kuwa jiji hilo hupata makosa makubwa 17,000 kwa siku, na majaji wanaweza kuyafikia asilimia 6 hivi. Takwimu hiyo moja inaeleza ukatili wa majaji kuliko hotuba yoyote.

Ni filamu bora kuliko ya kwanza, na sioni haja ya kuzunguka kulisema hilo. Lakini imelipa gharama. Dhihaka imepungua mno. Dredd wa Urban ana utani mkavu wa hapa na pale, ila mfumo wenyewe haukejeliwi. Mtazamaji anaweza kutoka akiwa ameridhika tu kwamba wahalifu wamemalizwa. Kwetu sisi tunaojua maana ya mshukiwa kupigwa risasi kabla ya kufikishwa mahakamani, hilo si jambo dogo. Mbwembwe za 1995, pamoja na upuuzi wake, angalau zilifanya iwe vigumu kutamani kuishi chini ya majaji hao.

Kinachoiokoa filamu ya Garland ni Anderson, aliyeigizwa na Olivia Thirlby. Ana kipaji cha kusoma mawazo ya watu, na helmeti inakizuia, hivyo havai. Uso ambao Dredd amenyimwa amepewa yeye. Kwa amri ya Dredd anamuua mtu aliyejeruhiwa, na baadaye wanajificha katika nyumba ya mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Anderson anagundua kwamba yule aliyemuua alikuwa mume wa mama huyo. Hakuna cha kututuliza katika uso wake pale. Dhihaka ilikuwa ikituuliza kama sheria hii ni ya haki, na hapa swali lilelile linaulizwa kwa machozi yaliyozuiliwa.

Kwenye majumba ya sinema iliingiza takriban dola milioni 41 tu. Uingereza ilizuiwa kwa walio chini ya miaka 18, na nadhani wengi waliosikia jina la Dredd bado walikuwa wakimwona Stallone na mabega yake ya dhahabu. Ilipata wapenzi wake baadaye, nyumbani, kwenye diski, na hao wamekuwa wakidai mwendelezo tangu hapo.

Kuna jambo la mwisho ambalo toleo la 1995 lisingeweza kulifanya. Kwa kanuni, jaji mwanagenzi akinyang'anywa silaha yake amefeli, na Anderson alinyang'anywa. Anaondoka akijua hivyo. Jaji Mkuu anamuuliza Dredd matokeo, na mtu yule asiyepindisha kanuni hata mara moja anajibu kwamba amefaulu. Uso wake hatuuoni, kidevu hakitikisiki, na hatutajua kamwe kilichopita machoni mwake.