Amepona virusi, nguvu hazirudi: ni mwili au ni sonona?

Huku Nyanda za Juu Kusini mtu akiugua ugonjwa wa virusi, akainuka kitandani, halafu miezi ikapita bila nguvu kurudi, majirani wanakuwa na jibu kabla ya daktari. Kawa mvivu. Katupiwa kitu. Ana ngoma, anaficha. Daktari naye, akishapima malaria, taifodi na VVU asikute kitu, mara nyingi anabaki na jibu moja: "Una mawazo mengi, pumzika."

Jibu hilo la daktari, yaani kwamba ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, ndilo lililozua ugomvi mkubwa Ulaya na Marekani tangu Korona ipite. Wagonjwa wanasema, msituambie ni sonona, miili yetu imeharibika. Baadhi ya madaktari wanasema, vipimo ni safi, dalili ni za sonona, tibuni sonona. Vijana wetu wanaosoma mitandaoni wameanza kuuleta ugomvi huo Mbeya na Iringa kama ulivyo, na sina hakika kwamba unatufaa ukija mzima mzima.

Hasira ya wagonjwa ina historia. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free ya London ilikumbwa na ugonjwa ulioangusha wafanyakazi karibu 300, na baadhi yao walibaki dhaifu kwa muda mrefu. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili, wakisoma majalada tu, waliandika kwamba ule ulikuwa wasiwasi wa kuambukizana. Hoja yao mojawapo? Wagonjwa wengi walikuwa wanawake.

Sisi tuna ushahidi wa karibu zaidi. Mafua makali ya 1918 yalipopita kusini magharibi mwa Tanganyika, vita vilikuwa vimeshachukua vijana kuwa wapagazi, na ng'ombe na nafaka vimekwenda kulisha majeshi. Wanahistoria waliofuatilia njaa iliyofuata wanataja pia jambo hili: waliopona mafua walikuwa wamelegea mno, mvua zikaja, mashamba hayakupandwa. Ni vigumu kusema watu wote hao waliacha jembe kwa sababu ya mawazo. (Ingawa waliokuwa wametoka kuzika ndugu wangapi sijui, mawazo nayo hawakuyakosa.) Chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza Newala wakati wa mlipuko wa 1952, nayo huwaacha wengine na maumivu ya viungo kwa miezi, hata miaka.

Jirani yangu wa Uyole, mkulima wa viazi, alipata ile iliyoitwa "changamoto ya kupumua" mwanzoni mwa 2021, wakati ambao hakukuwa na takwimu wala cheti cha kipimo. Kulikuwa na nyungu, tangawizi na limau. Alipona. Lakini tangu hapo, siku akijisikia vizuri huchukua jembe, akainua matuta mawili matatu, akarudi anatabasamu. Kesho yake yuko sawa. Keshokutwa hainuki: mwili unauma kama aliyepigwa, mwanga wa dirishani unamkera, ukimuuliza gunia kaliuza bei gani hakumbuki. Mke wake alimwambia mbele yangu, "Baba Neema, lakini juzi si ulilima?" Akageukia ukutani.

Mtu huyu hakosi hamu ya kufanya kazi. Hamu ndiyo inayomponza. Mwenye sonona ukimshawishi hadi shambani mara nyingi hurudi afadhali kidogo. Huyu ukimshawishi unamlaza siku mbili. Tofauti hiyo haionekani kwenye damu wala picha ya kifua, na haionekani kwenye dodoso pia. Dodoso linalotumika sana kupima sonona, PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili, lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3. Matano kati yake yanahusu usingizi, uchovu, kula, umakini, na mwili kuwa mzito au kutotulia. Mgonjwa wa virusi asiye na huzuni hata chembe anaweza kuzoa alama 15 kwa hayo peke yake, wakati alama 10 tu zinatosha kushukiwa sonona ya wastani. Kwa hiyo ukiletewa takwimu kwamba wagonjwa wa Korona ya muda mrefu wamejaa sonona, uliza kwanza walipimwaje.

Halafu kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wa 2022, uliopitia majalada ya watu zaidi ya milioni 1.2 waliougua Korona na kuwalinganisha na waliougua magonjwa mengine ya njia ya hewa. Hatari ya ziada ya sonona na wasiwasi ilikwisha ndani ya miezi miwili hivi. Ukungu wa kichwani, ule wa kusahau na kushindwa kufuatilia jambo, ulikuwa bado upo baada ya miaka 2. Yangekuwa kitu kimoja, yangeondoka pamoja.

Hapo wanaopinga jibu la sonona hushangilia na kufunga mjadala. Wanafunga mapema. Zamani homa ya ini aina ya C ilitibiwa kwa sindano za interferoni, kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza kupambana na virusi, na wengi waliodungwa, pengine mmoja kati ya wanne, walipata sonona kamili, wakiwemo ambao hawakuwahi kuwa nayo maishani. Maana yake, mapambano ya mwili na virusi yanaweza yenyewe kuzaa huzuni, hata kama nyumbani mambo yote ni shwari. Utafiti mwingine wa 2022 kwa watu karibu 55,000 wa Amerika Kaskazini, wengi wao wauguzi, ulikuta kwamba waliokuwa na sonona, wasiwasi au upweke kabla ya kuambukizwa Korona walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 32 hadi 46, wa kubaki na dalili. Hilo haliwafanyi waongo. Na kuna lililo wazi zaidi: mtu aliyekuwa akilisha nyumba, sasa anaombewa chumvi na mtoto kwa jirani, ataachaje kuhuzunika?

Mgonjwa wa London anakataa jibu la sonona kwa sababu kule akishapewa, uchunguzi unasimama. Huku uchunguzi wenyewe haujaanza, na sonona nayo haiulizwi. Ni sawa kabisa kuanza na VVU na kifua kikuu. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 11.4 na Iringa 11.3, zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi. Wanachosahau wote wawili, anayesema ni mwili na anayesema ni akili, ni tezi ya shingo. Milima hii ilijulikana kwa rovu, uvimbe wa tezi hiyo, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Tezi ikilegea mtu anachoka, anasikia baridi, anasahau, anakuwa na huzuni, na ukimtazama kwa haraka ni virusi vilivyobaki au ni sonona, chagua utakalo. Kipimo chake hukipati zahanati, ila dawa yake ni kidonge kimoja kwa siku.

Kuhusu wenye sonona kunyamaza, tuna sehemu yetu ya lawama. Ule utani kwamba Mhehe ukimuudhi anajitundika unachekesha kweli kwenye kilabu cha ulanzi. Mtu aliyelala mwezi wa tano akitazama dari anausikia pia, na hatamwambia mtu anachokiwaza. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inamwongezea hofu, kwa kuwa inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai.

Kwenye tiba ndiko pande hizi mbili zinakogongana kweli. "Jichanganye, fanya mazoezi" ni ushauri mzuri kwa sonona. Kwa anayeanguka kila baada ya kazi ni hatari, na ndiyo maana mwaka 2021 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongeza hatua kwa hatua kwa wenye ugonjwa wa uchovu sugu. Ni kweli vilevile kwamba jaribio la Uholanzi la 2023 lilionyesha tiba ya mazungumzo inapunguza uchovu kwa baadhi ya wagonjwa wa Korona ya muda mrefu. Ila wa kuitoa tiba hiyo Makete au Ileje utampata wapi? Na huku "mazoezi" ni jembe, na mchuma chai wa Rungwe analipwa kwa kilo. Kumwambia agawe nguvu zake ni kumwambia apunguze mshahara, jambo ambalo miongozo ya Uingereza haikulazimika kulifikiria.

Dawa nazo zina la kuangaliwa. Amitriptilini ni rahisi na inasaidia usingizi na maumivu, lakini huweza kuleta mapigo ya moyo kwenda mbio na kizunguzungu wakati wa kusimama, mambo ambayo wagonjwa wengi wa baada ya virusi wanayo tayari. Atakayeiandika aulize hayo kwanza.

Ningekuwa mganga wa zahanati yenye foleni na chumba kimoja, nisingeshindana na mgonjwa kama ni mwili au ni akili. Ningemuuliza, ukilima leo, keshokutwa unakuwaje? Halafu, mlango ukiwa umefungwa na ndugu wako nje: umewahi kutamani usiamke? La kwanza likijibiwa vibaya, jembe lipumzike na mke aelezwe akiwepo. La pili likijibiwa ndiyo, sonona ianze kutibiwa siku hiyo hiyo, hata kama majibu ya tezi bado yanasubiriwa kutoka Mbeya mjini.