Kizibo Nilikumbuka, Wallahi

Kwanza nisafishe jina. Ile klipu ya siku tuliyoshua boti ya mjomba, aliyoirusha shemeji kwenye magrupu, eti "fundi kasahau kizibo", ni uzushi mtupu. Kizibo cha tezi, kile cha tundu la kutolea maji nyuma ya boti, nilikifunga kwa mkono wangu, nikakizungushia tepu nyeupe ya mabomba, nikakikaza, halafu nikamwita shemeji huyohuyo aje akiguse. Kilichotokea pale Kilindoni, kisiwani Mafia, ni kingine kabisa, na kwa bahati mbaya kina aibu zaidi.

Boti ya mjomba mnaijua: faiba ya futi 23, kuukuu, nyuma ina Yamaha Enduro ya farasi 40. Masika na kusi lote ililala juu ya magogo, imefunikwa makuti. Oktoba papa potwe wanaanza kuonekana Mafia, wageni nao wanafuata, mjomba akapiga simu: "Mpwa wangu, ishuliwe kwa bamvu hili hili," yaani haya maji makubwa. Maana ilipandishwa juu sana. Maji ya kawaida hayaifikii, na bamvu likikupita unakaa kama wiki mbili unangoja jingine.

Kazi niliifanya, asije mtu akasema sikuifanya. Petroli ya zamani niliimwaga yote. Ikikaa miezi na oili ndani inageuka gundi, inaziba vitundu vya kabureta, kisha unavuta kamba mpaka bega linateguka. Kabureta nikalifungua, nikaosha jeti kwa petroli safi na kuzipuliza kwa pampu. Usichokoe kwa waya, unatanua tundu na mashine inaanza kunywa petroli ovyo. Nikachanganya upya: lita 25 kwa nusu lita ya oili ya mashine za viharusi viwili (two-stroke). Impela, kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya maji, ilikuwa imelala na mapezi yake yamepinda upande mmoja, nikatupa, nikatia mpya.

Oili ya gia ndiyo iliyoniponza. Nilifungua skrubu ya chini ikatoka nyeupe, rangi ya chai ya maziwa. Hiyo maana yake maji ya bahari yameingia, na mlango wao mara nyingi ni sili, ule mpira wa kuzuia maji ulio nyuma ya propela. Nikavua propela. Kweli bwana, mshipi wa nailoni umejizungusha kwenye shafti, umeila sili. Nikabadilisha, nikajaza oili mpya kwa tundu la chini mpaka ikachuruzika tundu la juu, nikafunga la juu kwanza ndipo la chini. Nikaijaribu mashine kwenye pipa la maji, bila propela. Ikawaka mvuto wa pili, ikakojoa maji yake ya kupozea vizuri kabisa. Watu wakanipa heko.

Propela niliirudisha ufukweni, maji yameshafika kwenye magogo na vijana wanapiga kelele "haya, haya!" Nikapaka shafti grisi, nikaipachika propela, nikatia washa, nikakaza nati. Ile pini ya kupinda inayozuia nati isijifungue ilikuwepo, mpya, haina kutu. Ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

Wale mnaojua mashine mmeshaanza kucheka. Subirini.

Kwenda mbele hakuna shida, kwa sababu propela inajisukuma kuelekea kwenye mashine, nati haibebi kitu. Kwa hiyo tulikwenda mbele kwa raha zote. Nikazunguka nje ya majahazi, omo, yaani pua ya boti, imenyanyuka, shemeji amekaa mbele anarekodi. Ufukweni wametanda wachuuzi wa samaki, wapagazi, na mjomba na kofia yake ya bulibuli. Nikaona niingie kwa madaha.

Boti haina breki, breki yake ni rivasi. Nikapunguza moto, nikangoja mashine itulie, nikavuta gia nyuma. Kla! Imeshika. Nikaongeza moto kidogo, boti ikaanza kulegea, mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaongeza tena kidogo.

Tup. Sauti laini, kama embe limeangukia mchanga.

Halafu mashine ikapiga yowe. Mimi badala ya kuzima, nikaongeza moto! Ikapiga yowe zaidi. Nikageuka nyuma, nikaona maji yametulia kimya, hayatibuki hata kidogo. Kwenye rivasi propela inajivuta nje na kuiegemea nati, na nati haina pini: propela ilikuwa imejivua yenyewe na nati yake, imekwenda chini. Ndipo nikazima.

Boti haikusimama. Wala haikwenda kasi, na hapo ndipo yalipo mateso, kwani kila mtu alipata nafasi ya kumwita mwenzake aje kutazama. Nanga niliiacha nchi kavu ili kupunguza uzito wa kushua. Upondo, ule mti wa kusukumia boti, ulikuwepo, shemeji ameukalia. "Shemeji, upondo!" "Ngoja kidogo, narekodi."

Mbele yetu ngalawa imetia nanga, ndani kuna mzee anafunga ndoana. Akainua macho. Akatutazama tunavyokuja. Akaweka ndoana chini, akasogeza birika lake la kahawa upande wa pili. Omo yetu ikajipenyeza polepole katikati ya ngalawa na tengo lake, ule mti wa ubavuni unaoizuia isipinduke, ikakwama hapo, kwaa.

"Shikamoo mzee," nikasema. Ningesema nini?

"Marahaba. Karibuni kahawa."

Ufukweni walikuwa wameketi chini kwa kucheka. Mjomba nilimwona mgongo tu.

Mengine hayana urefu. Tulivutwa na mtumbwi. Maji yalipokupwa watoto wakaiokota propela kwenye tope na kutudai soda, washa na nati zikapotea, nikanunua nyingine. Boti inakwenda. Pini ipo mahali pake, miguu yote miwili imepindwa, na mjomba huikagua mwenyewe kabla sijagusa kamba.

Yule mzee alikataa malipo ya tengo. Akasema nimwangalie tu kimashine chake cha farasi 8, kinatoa moshi. Jana nimekifungua. Palipotakiwa pini ameweka msumari wa inchi mbili, umeoza kutu, na anasema uko hapo tangu akinunue.