Pumba, Maziwa na Dada Watatu wa Viwango

Mashine ninayopeleka mahindi yangu hapa Dodoma hutoa vitu viwili kutoka katika gunia moja. Upande mmoja hutoka mahindi yaliyokobolewa, ambayo husagwa yakawa sembe. Upande wa pili hutoka pumba, na mara nyingi mwenye mahindi huziacha palepale, au huziuza kwa debe kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaopita jioni na baiskeli zao. Kwa miaka mingi niliuona utaratibu huo kuwa wa busara, kwa kuwa hakuna kinachotupwa. Nilipoanza kusoma habari za sumukuvu ndipo nilipoanza kuzitazama pumba kwa jicho jingine. Sumu hiyo, inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, hukaa kwa wingi zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo anayekula sembe huipunguza kwa kiasi kikubwa kuliko anayekula dona. Lakini kukoboa hakuiangamizi. Kunaihamishia kwenye pumba. Ng'ombe akizila, sehemu ya sumu hubadilika mwilini mwake na kutokea katika maziwa kwa jina la aflatoksini M1, na maziwa hayo hata ukiyachemsha vipi, haitoki.

Nauliza basi: sumu iliyoanzia shambani, ikapita horini na kuishia kwenye kikombe cha mtoto, ni ya nani?

Katika ngazi ya dunia, kazi ya kuweka viwango imegawanywa kwa vyombo vitatu. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaohusu usalama wa chakula na afya ya wanyama na mimea, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, unavitaja: Codex Alimentarius kwa chakula, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kwa mifugo na wanyama wengine, na Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea. Wajumbe wa shirika hilo la biashara huko Geneva wamezoea kuwaita dada watatu. Nchi inayofuata viwango vyao huhesabiwa kuwa imetimiza masharti ya mkataba, na inayotaka kuweka masharti makali zaidi hutakiwa kuonyesha sababu za kisayansi. Kwa hiyo si ushauri wa hiari tu. Lori likizuiwa mpakani, hoja za pande zote mbili huishia kwao.

Ni dada kwa jina, lakini hawakulelewa nyumba moja. Mkubwa, yule wa wanyama, alizaliwa Paris mwaka 1924, nchi 28 zilipotia saini baada ya sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe, kuingia Ubelgiji mwaka 1920 kwa ng'ombe wa zebu waliotoka India kwenda Brazili kupitia bandari ya Antwerp. Wa mimea alifuata mwaka 1951 chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lenye makao Roma. Codex, mtoto wa FAO na Shirika la Afya Duniani, alikuja mwaka 1963. Kila mmoja aliumbwa kwa tatizo la wakati wake, na mipaka ya tatizo hilo ndiyo imebaki kuwa kuta za ofisi.

Sitaki nionekane ninawabeza, kwa sababu sotoka yenyewe ni ushahidi wa kinachowezekana. Ugonjwa huo ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakafa na wafugaji waliowategemea. Ulitokomezwa kwa kazi ya miongo mingi, ikiwamo chanjo iliyotengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na Walter Plowright na wenzake. Mlipuko wa mwisho unaojulikana ulionekana kwa nyati wa Meru nchini Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 FAO na shirika la Paris wakatangaza kwamba umekwisha duniani. FAO iliratibu kampeni, Paris ikathibitisha nchi moja baada ya nyingine kwamba iko salama. Mgawanyo ulikuwa wazi kwa sababu adui alikuwa mmoja, virusi vya aina moja, na chanjo ilikuwapo.

Sumukuvu haina heshima hiyo kwa mipaka ya watu. Dada wa mimea hushughulika hasa na visumbufu vinavyoweza kuzuiwa visiingie nchini, lakini kuvu hii imo katika udongo wetu tayari, hakuna wa kuiwekea karantini. Dada wa wanyama anayo sura katika kanuni zake kuhusu hatari zilizomo katika chakula cha mifugo, ila moyo wake uko kwenye magonjwa ya kuambukiza. Mzigo umemwangukia Codex, na kusema kweli ameubeba kwa bidii: mwaka 1997 alitoa mwongozo wa kupunguza sumu hii katika chakula cha ng'ombe wa maziwa, mwaka 2003 akatoa wa nafaka, na kikomo chake kwa maziwa ni mikrogramu 0.5 kwa kilo, wakati Umoja wa Ulaya umeweka 0.05. Mwongozo wa nafaka unazungumzia muda wa kupanda, wa kuvuna na namna ya kukausha. Ni mambo ya bwana shamba, yameandikwa na watu wa chakula, na hayo ndiyo matatizo yenyewe.

Mgawanyo wa Roma na Paris unajirudia kwetu. Anwani ya Codex nchini Tanzania ni TBS, yaani Shirika la Viwango, iliyopokea kazi ya chakula kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019 na ambayo iko chini ya wizara ya viwanda na biashara. Masuala ya mimea yako kwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, chini ya Wizara ya Kilimo. Ya wanyama yako kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Hindi likiwa shambani ni la wizara moja, likiwa sembe dukani ni la nyingine, pumba zake zikimwagwa horini ni za wizara ya tatu, na mtu akiugua ini anakwenda kwa wizara ya nne. Lipo Dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu, la kuunganisha kazi za afya ya binadamu, wanyama na mazingira, nalo ni jambo jema, lakini magonjwa liliyoyapa kipaumbele ni ya aina ya kichaa cha mbwa, kimeta na homa ya Bonde la Ufa, yanayotoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu. Sumukuvu haiambukizi, basi inabaki mlangoni. Mwaka 2016 iliwaua watu 20 kati ya 68 walioripotiwa kuugua, wengi wao katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kule Kenya, mwaka 2004, iliua 125 kati ya 317.

Kisha likaja suala la Machi 2021. Tarehe 5, mamlaka ya kilimo ya Kenya iliandika barua kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, na siku tano baadaye ikafungua tena kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kiwango kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Wengi walilisema jambo hilo kisiasa. Mimi naona kinachosahaulika ni kwamba kikomo cha 10 ni cha Afrika Mashariki nzima. Hatukugombana juu ya namba. Tuligombana juu ya bambo. Mkaguzi huchoma bambo katika gunia, huvuta punje za kiganja kimoja, na punje hizo ndizo zinazosemea tani 30. Sumukuvu haienei sawasawa. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Mabambo mawili katika lori moja yanaweza kuleta majibu mawili, na hakuna mkaguzi aliyedanganya.

Hapo ndipo ninapotaka ushirikiano, kuliko katika matamko. Mwaka 2010 FAO, Shirika la Afya Duniani na shirika la Paris walikubaliana kufanya kazi pamoja, na mwaka 2022 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likajiunga rasmi. Dada wa mimea hana kiti chake mwenyewe pale, anakaa kwenye kivuli cha FAO. Wakati huohuo kila mmoja anacho chombo chake cha kupima nchi: Paris hupima huduma za mifugo, wa mimea hupima uwezo wa hifadhi ya mimea, FAO na Shirika la Afya Duniani hupima udhibiti wa chakula. Kwa nchi yenye maabara chache, naona ni upotevu kuandaa tathmini tatu zitakazouliza habari za vifaa vilevile. Waje pamoja, waanzie shambani, wamalizie kwenye maziwa, watoe ripoti moja ambayo Wizara ya Fedha itaweza kuisoma.

Sidai waunganishwe. Mwaka 2012 Codex ilipitisha kikomo cha dawa ya kunenepesha mifugo, raktopamini, kwa kura 69 dhidi ya 67. Ukiziweka siasa za aina hiyo katika chungu kimoja na za mimea na za wanyama, hakitaiva kitu. Lakini mwongozo mmoja wa sumukuvu ulioandikwa na mikono mitatu unawezekana, na ningependa wauanze na pumba.

Juzi nilimuuliza kijana wa mashine kama amewahi kuona mkaguzi yeyote akichukua pumba kwenda kuzipima. Alisema wanaokuja huchukua unga, na mara moja walichukua mahindi. Wakati tunazungumza, mfugaji mmoja alikuwa anafunga debe la nne kwenye baiskeli yake.