Gesi au umeme jikoni: yote yanategemea uniti 75

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya wananchi wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034, na sasa umeme unanadiwa bega kwa bega na gesi. Wanaoutetea umeme wana hoja nzito. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na viwango vya msingi vya bei ya uniti ni vilevile vya agizo la 2016 la EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilhali gesi ya mitungi huja kwa meli na bei yake hufuata soko la dunia. Upande wa pili unasema umeme "unakula", na kwamba aliyejaribu kupikia umeme mwezi mzima alirudi kwenye mtungi. Kila upande unasema kweli, ila kwa nyumba tofauti, na kinachozitofautisha nyumba hizo ni kundi la bei ambamo mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, imewekwa.

Tuanze na joto lenyewe. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati sawa na uniti 12.8 hivi za umeme, lakini kwenye moto wa wazi karibu nusu hupotea pembeni mwa sufuria. Kinachoingia kwenye chakula ni kama uniti 6.4. Jiko la umeme la pleti huingiza takriban asilimia 70 ya umeme linaotumia, na la induksheni, linalopasha kitako cha sufuria chenyewe kwa nguvu ya sumaku, asilimia 85. Tuchukulie familia inayomaliza kilo 10 za gesi kwa mwezi, na mtungi wa kilo 15 unaonunuliwa kwa Sh 57,000, yaani Sh 3,800 kwa kilo. Gesi inaigharimu familia hiyo Sh 38,000. Chakula kilekile kitahitaji uniti 91 kwenye pleti, au 75 kwenye induksheni. Weka bei ya mtungi ya mtaani kwako, kisha rudia hesabu.

Sasa bei ya uniti. Mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hutozwa Sh 292 kabla ya kodi. Ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika kama Sh 356. Nyumba ambayo tayari iko T1, yenye friji kubwa, pasi na pampu ya maji, ikihamia induksheni italipa Sh 26,700 za kupikia na kuokoa zaidi ya Sh 11,000 kwa mwezi. Hata kwa pleti italipa kama Sh 32,400, chini ya gesi. Kwa nyumba hii wanaoutetea umeme wameshinda, na sioni sababu ya kubishana nao.

Nyumba ya D1 ina hesabu nyingine kabisa. Kundi hili ni la matumizi madogo: uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni Sh 100 kila moja, au Sh 122 pamoja na makato. Familia inayotumia uniti 60 kwa taa, televisheni na feni hulipa Sh 7,320. Ikiongeza uniti 75 za kupikia, jumla ni 135. Mwezi wa kwanza unaweza kupotosha, kwa sababu uniti zilizozidi hutozwa Sh 350 kabla ya kodi na bili nzima huja karibu Sh 34,800. Ongezeko la Sh 27,500 bado liko chini ya gesi. Lakini D1 ni ya mwenye wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukishazoea kuvuka, unahamishiwa T1, na hapo zile uniti 60 za taa nazo zinapanda bei. Uniti 135 kwa Sh 356 ni Sh 48,060. Ongezeko ni Sh 40,740, zaidi ya gesi uliyoiacha. Ukitumia pleti, ongezeko linapita Sh 46,000.

Hiyo ndiyo gharama isiyoonekana dukani. Hulipii umeme wa kupikia peke yake. Unalipia pia ruzuku uliyoipoteza kwenye taa na friji. Kenya nayo hupanga wateja wa majumbani kwa wastani wa miezi mitatu, ikikata kwenye uniti 30 na 100, kwa hiyo anayehamisha jiko anaweza kuvushwa kwa namna hiyohiyo. Uganda ilichukua njia tofauti: tangu 2022 uniti za 81 hadi 150 zilipewa bei ya kupikia, Shilingi za Uganda 412, karibu nusu ya bei ya uniti za 16 hadi 80. Yaani anayepika anapunguziwa pale ambapo Tanzania inamwongezea. Ukitaka watu wa kipato cha chini wapikie umeme, ngazi ya bei lazima ielekee huko. Jiko la mkopo au la punguzo halitatosha ikiwa mita yenyewe inamwadhibu mpishi.

Wapangaji wana mzigo wa ziada. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja huwa imeshavuka uniti 75 kabla ya mtu yeyote kuwasha jiko, kwa hiyo wote wako T1. Kwa karatasi umeme ungewafaa. Kivitendo, wanachanga fedha sawa kwa kila chumba, na mmoja akianza kupika kwa umeme wengine wanamlipia. Ndiyo maana wenye nyumba wengi wanakataza majiko ya umeme, na katazo hilo lina haki ndani yake hadi kila chumba kiwe na mita ndogo yake.

Kwa mteja wa D1, njia yenye faida ni kuhamisha vyakula vya kuchemka muda mrefu tu. Kilo ya maharage kwenye gesi, saa mbili za moto, hula kama robo kilo ya gesi: Sh 950. Presha kuka ya umeme ya lita 6 huyaivisha kwa karibu nusu uniti, kwa sababu hujikata yenyewe ikifikia presha, hushikilia joto ndani na kuwaka kidogo kidogo. Kwa D1 hiyo ni Sh 61. Ukipika maharage, makande au kongoro mara 12 kwa mwezi, unaongeza uniti 6 tu, unabaki chini ya 75, na unaokoa zaidi ya Sh 10,000. Presha kuka ya Sh 160,000 inajilipa kwa miezi 15 hivi. Usijaze maharage na maji kupita nusu ya chungu, maana povu huziba vali. Osha vali na mpira wa mfuniko kila baada ya kupika. Mpira ukichoka mvuke unatoka pembeni, presha haifikiwi na umeme unawaka mfululizo. Chakula kikiiva, zima hali ya kutunza joto.

Chapati na samaki wa kukaanga viache kwenye gesi, au kwenye induksheni kama uko T1. Induksheni haitambui sufuria za alumini, ambazo ndizo zimejaa majikoni mwetu. Bandika sumaku kwenye kitako, isiponasa, jiko halitawaka. Ongeza bei ya sufuria mbili tatu kwenye bajeti. Pleti inakubali sufuria yoyote, ila kitako kilichobonyea huacha hewa katikati na uniti zinaishia kupasha jikoni.

Nyaya zinastahili uangalifu kuliko jiko lenyewe. Jiko la wati 2,000 huvuta ampea 8.7 kwa volti 230. Soketi ya ampea 13 iliyofungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5 inalibeba bila shida. Matatizo huanza fundi akiwa ameitoa soketi kwenye laini ya taa ya 1.5, au jiko likichomekwa kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji. Skrubu iliyolegea ndani ya soketi hupata moto, plastiki inageuka kahawia, kisha inayeyuka. Gusa plagi baada ya dakika 20 za kupika: ikiunguza, zima na uite fundi. Kwa jiko kubwa lenye oveni, vuta waya wa milimita za mraba 6 kutoka meinswichi na sakiti breka yake ya ampea 32. Volti zikishuka jioni hadi 180, pleti ya wati 2,000 inabaki na kama 1,200, na ugali unachelewa kuiva.

Mtungi mdogo wa kilo 6 ubaki nyumbani hata kwa aliyehamia umeme, kwa siku umeme unapokatika. Kabla ya kununua jiko lolote, fungua risiti za LUKU za miezi mitatu na ujumlishe uniti za kila mwezi. Wastani ukiwa 40, nafasi iliyobaki inatosha presha kuka na kuchemsha maji ya chai. Ukiwa 70, hata birika la umeme linaweza kukuvusha.