Dabi na Msuli wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Lushoto. Kabla hajafika kwetu Tanga, mke wangu alinipa masharti mawili: ninunue umeme wa Luku, na paka asionekane. La paka nilijitahidi. La Luku nikasema kesho.

Huyo paka ni jike, mweupe pe. Nilimwokota angali mdogo pale soko la samaki Deep Sea, amelala juu ya wavu kama aliyeuvua yeye. Macho yake yote mawili yalikuwa ya buluu, kama vitoto vyote vya paka. Wiki zikapita, jicho la kulia likaanza kugeuka taratibu mpaka likawa njano ya embe bivu. La kushoto likagoma. Mimi nikajua ni ugonjwa wa manjano wa upande mmoja. Nikamtia kwenye kikapu cha ukili, nikapanda bodaboda kwenda kwa daktari wa mifugo, na dereva akanitoza nauli ya watu wawili.

Daktari alicheka kwanza, matibabu baadaye. Akasema jicho la njano halina ugonjwa, la buluu ndilo limekosa rangi tu, na anaona vizuri. Halafu akasimama kushoto kwa paka akapiga makofi. Paka akageuka kulia. Akapiga tena, akageuka kulia tena, safari hii kwa hasira. "Basi sikio la upande wa buluu halifanyi kazi," daktari akasema. Akanieleza kwamba paka weupe wenye macho ya namna hii, kama 3 au 4 kati ya 10 wana uziwi, na mara nyingi sikio bovu ni la upande wa jicho la buluu.

Ndugu zangu, paka wa sikio moja ni mtihani. Si kwamba hasikii. Anasikia, ila hajui sauti imetoka wapi. Kwake yeye dunia nzima iko kulia. Nikimwita kutoka jikoni, anakimbilia chumbani. Siku akisikia friji inafunguliwa, anakwenda kukaa mlangoni kwa jirani na kulia njaa, hata jirani akaniuliza kama tunamlisha.

Jina alipewa na watoto wa mtaani. Usiku mmoja walimmulika tochi, wakaja mbio kuniambia. Lile jicho la njano liliwaka kijani, kama ya paka wengi, kwa kuwa nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo. La buluu halina utando huo, kwa hiyo mwanga unarudi na wekundu wa damu iliyo ndani ya jicho. Kijani huku, nyekundu kule. Yanga na Simba uso mmoja. Wakamwita Dabi.

Basi mzee akafika jioni na gunia la viazi, ndoo ya plamu na koti zito la baridi ambalo kwa joto la Tanga lilikuwa adhabu. Shikamoo baba, marahaba, karibu baba. Dabi nilikuwa nimeshampeleka kwa jirani wa nyuma, nikamfungia mwenyewe stoo. Mzee haamini paka wa kulala kwenye kochi. Kwao paka ana kazi yake, na kazi yenyewe iko ghalani.

Saa nane usiku umeme ukakata. Nikajua ni Luku. Nikanunua kwa simu hapo hapo, nikatoka kwenda kwenye mita upande wa mbele kuingiza zile namba 20. Nimefika namba ya kumi na mbili, nikasikia mlango wa uani unalia. Mzee anakwenda msalani.

Yaliyofuata nimeyapata vipande vipande, mengine kwa mzee, mengine kwa majirani waliochungulia.

Dabi alikuwa ametoroka stoo, amekaa juu ya pipa la maji karibu na mlango wa choo, ubavu wa kushoto, yaani ule wa uziwi, ukielekea nyumbani. Hakumsikia mzee akija na ndara zake. Mzee akawasha tochi ya simu. Dabi akaona mwanga, akageuka. Jicho moja jekundu, jicho moja kijani, yanaelea gizani.

Mtu mwingine angekimbia. Mzee amefundisha miaka mingi sana, hakimbii. Akasema, "Simama hapo! Jina lako nani na umetoka wapi? Jibu kwa sentensi kamili!"

Dabi akamtazama, akaona si samaki, akamgeuzia tena ubavu ule ule. Mzee akahesabu hiyo kuwa dharau. Akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti kubwa, na kwa kusisitiza akagonga kopo kwenye bati la choo.

Hilo Dabi alilisikia. Lakini alilisikia kulia. Akaona hatari inatoka kulia, akafanya ambalo paka yeyote mwenye akili angefanya: akaruka kushoto kwa nguvu zake zote. Kushoto ndiko alikokuwa amesimama baba mkwe wangu.

Kucha zikanasa kwenye msuli aliojifunga. Mzee akarudi nyuma, msuli ukabaki mbele. Dabi, kajifunika gubigubi, akapanda pipa, akapanda ukuta, akaanza kukimbia juu ya ukuta na kitambaa chote mgongoni.

Jirani akafungua dirisha wakati huo huo. Alichokiona ni msuli unatembea peke yake juu ya ukuta kwenye mbalamwezi.

"Mwizi!" akapiga kelele, maana ndilo neno lililokuwa karibu.

"Si mwizi!" mzee akajibu kutoka gizani. "Sahihisha!"

Nilipofika nilikuwa nimekanyaga ndoo ya plamu, mguu mmoja umo ndani. Tochi za majirani zilituangaza wote wawili: mimi na ndoo, baba mkwe na bukta nyeupe iliyopigwa pasi, kama yuko mchakamchaka. Nilitaka kusema ni paka. Lakini kusema paka ni kusema nilimficha, na kusema nilimficha ni kumchongea binti yake. Nikasema, "Pole, baba." Mke wangu akanifinya kwa nyuma, sijui kwa kunipongeza au vipi.

Mpaka alfajiri uwani pamejaa watu. Mama mwenye nyumba kaleta ubani, mwingine kaleta udi, mzee anapiga chafya katikati ya moshi huku anasimulia kwa mara ya nne. Jini lilikuwa limeshafikia urefu wa mlango.

Ndipo Dabi akaingia, anaburuta msuli. Mke wangu akajisahau, akamwita kwa sauti: "Dabi, toka huko!" Mke wangu yuko kushoto kwa paka. Dabi akaenda kulia moja kwa moja, akapanda mapajani kwa mzee, akalala.

Kimya. Nikatoa simu, nikamwonyesha mzee picha niliyompiga kwa flashi: jekundu, kijani. Akaitazama. Akamtazama paka. Akainua mkono kushoto akapiga vidole, paka akageuka kulia. Akarudia mara tatu, kama anayehakiki mtihani.

"Na umeme?" akaniuliza.

Nikasema namba nane zimebaki, baba.

Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Saa nne mzee alikuwa stendi. Ila alirudi Ramadhani, na amerudi tena juzi. Akitaka kwenda msalani usiku anapiga hodi mara tatu kwenye mlango wa uani, anazunguka kwanza mpaka kulia kwa pipa, halafu anamwambia paka kwa sauti ya darasani: "Dabi, ni mimi." Msuli siku hizi anaufunga kwa mkanda.