Nilivyoivunja Harusi ya Kibibi

Kabla hujanihukumu, naomba ieleweke kwamba nilikusudia kudanganya gemu, si mdogo wangu. Ya mdogo wangu yalijileta yenyewe.

Gemu ni Sonic Adventure 2: Battle, la GameCube. Sega walilitoa kwanza kwenye mashine yao ya Dreamcast Juni 2001, bila hilo neno Battle, kisha likahamia kwenye hiyo GameCube, mashine ya Nintendo. Ukimuuliza asiyelijua atakwambia ni gemu la kalunguyeye wa buluu anayekimbia. Kalunguyeye gani? Yule ni kibarua tu. Anakimbia, anavunja maroboti, anaokota wanyama na vichupa vya rangi, kisha mzigo wote anaupeleka kwenye bustani tulivu wanakoishi waajiri wake: viumbe wadogo wenye kichwa kama tone la maji na kijipira kinachoelea juu ya utosi. Hao ndio Chao. Kichupa cha kijani humwongezea Chao mbio, cha njano kuogelea, cha zambarau kuruka, chekundu nguvu. Mtu unaweza kusahau kabisa kwamba kuna adui wa kupigana naye. Sisi tulisahau.

Bustani unaikuta na mayai mawili. Mdogo wangu, wakati huo ana miaka tisa, alichukua moja akalipakata. Ukilishika yai ukatulia, mhusika wako huanza kulitikisa polepole kama anayebembeleza mtoto, na baada ya muda Chao hutoka akiwa na furaha zake. Mimi muda huo sikuwa nao. Niligundua kwamba yai likirushwa ukutani nalo hupasuka, tena upesi, nikalirusha. Chao wangu alikuja duniani akiwa amenuna. Nikamwita Radi. Wake akamwita Kibibi.

Lishike hilo: yai langu ndilo lililopasuka kwanza. Nililishika na mimi, na ndilo lililoniponza.

Kibibi alikua vizuri mpaka inakera. Alipewa wanyama, akaota masikio ya sungura na mkia wa tausi, akawa anamfuata Sonic kila aendako. Mashindano ya Crab Pool aliyashinda siku ya kwanza. Radi naye nilimpeleka. Kila Chao huzaliwa na daraja la kila kipaji, kuanzia E, la chini kabisa, hadi S, la juu kabisa, na Radi kwenye kuogelea alipewa E. Nadhani ni kwa sababu alfabeti yao iliishia hapo. Alipofika majini alitapatapa kama mtu anayefukuza nyuki. Wenzake walimaliza, wakashangilia, na yeye bado yumo. Tulipomsubiri atoke, mdogo wangu alikwenda kuoga akarudi. Sawa, hapo nimeongeza kidogo. Alikwenda kunywa maji.

Tena Radi alinichukia. Nikimsogelea anaondoka. Nikimpa tunda analitazama, kisha ananitazama mimi, kama anayejiuliza limetegwa nini.

Chuki hiyo ilikuwa na hesabu yake. Chao huzeeka. Siku zake zikifika hujifunga ndani ya kifukofuko, na rangi ya kifukofuko ndiyo hukumu. Aliyeishi akipendwa hupata cha waridi, anarudi kuwa yai na kuanza upya. Aliyeishi bila furaha hupata cha kijivu, na huyo ndiyo basi. Nilipomtazama Radi niliona kijivu kitupu.

Yupo hata hivyo Chao asiyekufa. Anaitwa Chaos Chao, na mmoja wao amefanana na Chaos, yule kiumbe wa maji wa Sonic Adventure ya 1998. Kumpata kwa njia halali ni kazi ya mtu aliyestaafu: Chao wako azaliwe upya mara mbili, kisha katika maisha yake ya tatu, kabla hajawa mkubwa, umpe wanyama wa aina zote 21, asikose hata mmoja, na malezi yasimwegemeze upande wa wema wala wa ubaya. Mimi yai tu lilinishinda kubembeleza. Maisha matatu ningeyatoa wapi?

Nikaazima kifaa cha chiti, yaani cha kudanganyia gemu.

Vifaa hivi vina ukoo. Mmoja wa mababu zao ni Game Genie, iliyobuniwa na Codemasters wa Uingereza. Nintendo na Galoob, waliokuwa wakiiuza Marekani, walifikishana mahakamani, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya huko ikaona kwamba mtu anayebadili mwenendo wa gemu lake kwa ajili ya kucheza mwenyewe hajavunja hakimiliki ya mtu. Hukumu hiyo niliipenda sana. Baadaye tu ndipo nilipoona kwamba majaji hawakugusia haki za mdogo wa mchezaji.

Kinavyofanya kazi si uchawi. Kila kitu ndani ya gemu ni namba iliyokaa mahali pake kwenye kumbukumbu ya mashine, kama wapangaji vyumbani. Mbio za Chao zina chumba chao, rangi yake ina chumba chake, hata aina yake ni namba tu. Msimbo wa chiti ni agizo fupi: nenda chumba fulani, mtoe aliyemo, weka namba hii. Haupigi hodi. Wapo wanaoiita misimbo hiyo “kodi”, nami nilikuwa nikiwasahihisha kwamba kodi ni ile inayolipwa. Siku hizi nimeacha kuwasahihisha.

Misimbo ya GameCube ina balaa jingine: imevurugwa makusudi, kwa hiyo ukiitazama unaona herufi na tarakimu zilizorundikana tu, huwezi kubaini ni chumba kipi inakwenda kugonga. Unategemea kichwa cha habari juu yake. Kichwa cha wangu kilisema: Chao wa kwanza bustanini.

Chao wa kwanza ni nani? Nikajibu bila kufikiri. Nani alipasuka kwanza?

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wiki hiyohiyo mdogo wangu alikuwa na shughuli. Alikuwa anaandaa harusi. Kutoka kwenye Black Market, ambalo ni duka la humohumo kwenye gemu, alikuwa amenunua yai la rangi, likatoa Chao mwekundu aliyemwita Bwana. Bwana alishakua. Kilichobaki ni tunda la moyo, lile ambalo Chao mkubwa akilila maua humzunguka pale alipokaa na huwa tayari kupata mtoto. Alikuwa ameokota pete, ambazo ndizo pesa za humo, jukwaa baada ya jukwaa mpaka zikatosha. Tunda lilikuwa limenunuliwa. Harusi ilikuwa Jumamosi, baada ya kufua sare. Tulialikwa wote, hata Mama, ambaye alikubali bila kujua anaalikwa wapi.

Ijumaa usiku, nyumba imelala, nikatia diski ya chiti kwanza, kama inavyotakiwa, nikaanza kuingiza misimbo kwa padi, herufi moja baada ya nyingine. Kwanza msimbo mkuu, ambao bila huo mingine haifunguki. Kisha wa kugeuza aina kuwa Chaos Chao. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mle tayari, wa kupandisha vipaji vyote mpaka 99. Nikakosea, nikafuta, nikarudia. Nilichoka kuliko ambavyo ningechoka kulea. Halafu nikatoa diski ile, nikaweka ya gemu, nikaingia bustanini kumpongeza Radi kwa kutokufa kwake.

Radi alikuwa palepale, na uso uleule. Nikamsogelea. Akaondoka.

Nikasema, aa, misimbo imegoma. Nikawa nageuka nitoke, ndipo nikaona kando ya bwawa kuna mgeni. Mwili rangi ya maji, macho makubwa, ametulia kama anayesubiri basi. Akili yangu ikasema ni mzuri, huyu katoka wapi? Nikahesabu: Radi, Bwana, huyu. Nikahesabu tena, safari hii kwa kidole kwenye skrini. Watatu. Walikuwa watatu toka asubuhi.

Nikamnyanyua. Jina likatokea: KIBIBI. Kuogelea 99, kuruka 99, mbio 99, nguvu 99. Masikio ya sungura hayapo. Mkia wa tausi haupo. Mashine ilikuwa na hesabu yake ya nani wa kwanza, na haikujali nani alipasuka mapema.

Hapa sina utetezi kabisa. Nilijua dawa. Bustani huhifadhiwa ukitoka. Maana yake ningezima mashine palepale, bila kutoka, kadi ya kumbukumbu isingejua kilichotokea. Kesho Kibibi angeamka na masikio yake, na mimi ningeubeba msiba wangu peke yangu mpaka uzeeni. Kidole kimoja, swichi moja. Lakini mtu aliyevunja chungu cha watu hafikiri kwanza, hukimbia kwanza. Nilimweka Kibibi chini taratibu, kama vile taratibu ingesaidia kitu, nikamkimbiza Sonic mbio zote hadi mlangoni. Nikatoka.

Skrini ikaniarifu kwamba inahifadhi.

Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi, ila mashine hizo hukuonya usizime wakati wa kuhifadhi, na mimi, niliyekuwa nimevunja kila kanuni usiku ule, hiyo moja nikaiheshimu.

Asubuhi nilimweleza mwenyewe, kabla hajawasha. Nilianza na upande mzuri wa habari.

“Mdogo wangu, unajua Kibibi sasa hafi?”

“Hafi vipi, kaka?”

“Hafi tu. Milele.”

Alinitazama. Akawasha mashine. Akaingia bustanini, akatembea hadi bwawani, akasimama. Kwa muda hakusema neno, na mimi nikaanza kutumaini.

“Masikio yake yako wapi?”

“Yale... hii ni aina ya juu zaidi. Angalia vipaji, vyote 99!”

“Ukizima hicho kidude atarudi?”

“Imeshahifadhi.”

Akampa tunda la moyo. Nilitaka kumzuia, nikachelewa. Mimi nilikuwa nimesoma, yeye hakuwa amesoma. Chaos Chao hawapati watoto. Ndiyo bei ya kutokufa. Kibibi alikula tunda lote, akaketi. Maua hayakutokea. Bwana alipita mbele yake, akaendelea na safari zake.

Kilio kilichofuata kilimleta Mama, bado amevaa vizuri kwa ajili ya harusi asiyoijua.

“Kuna nini?”

“Kaka amemwua Kibibi!”

“Sijamwua! Mama, hawezi kufa!”

“Amekufa au hajakufa?”

“Hawezi kufa, Mama. Hata akitaka.”

Mama alitazama skrini, akamtazama binti yake, akanitazama mimi. “Sasa kinacholiliwa ni nini?”

Tulijaribu kumweleza wote wawili kwa pamoja. Alisikiliza mpaka kwenye masikio ya sungura, akasema tusameheane, akaenda kubadilisha nguo.

Nilijitolea kurekebisha. Nikasema nitatafuta msimbo mwingine wa kumrudisha kwenye aina ya kawaida, na wa masikio, na wa mkia. Mdogo wangu alichukua kile kifaa, akakikalia. “Wewe usimguse tena.” Nikapendekeza basi ampeleke mashindanoni, sasa atashinda kila kitu. Akakataa. Eti ushindi huo si wa Kibibi, ni wa kidude. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka tisa.

Adhabu ilitangazwa jioni. Chao hawana dume wala jike. Wawili wowote waliokomaa wanaweza kupata yai. Harusi itaendelea. Bwana ataoana na Radi.

“Radi?” nikasema. “Mtoto ataogelea kama Radi!” Na ni kweli, mtoto hurithi madaraja kutoka kwa wazazi, na hakuna ahadi kwamba atachagua mzazi wa maana.

“Pete za tunda utatafuta wewe.”

Nilitafuta siku tatu. Nilicheza majukwaa ambayo sikuwahi kujua yapo. Nilipompa Radi tunda alilikagua kwa muda mrefu, akanikagua na mimi, akala. Maua yakamzunguka. Bwana, ambaye kwa kweli hakuwa mtu wa kuchagua, akasogea. Kibibi alikuwa akiogelea nyuma yao, mzunguko baada ya mzunguko, kwa kasi ya kutisha, bila sababu yoyote.

Yai likatokea. Mdogo wangu akanikabidhi padi.

“Kaa hapo,” akasema. “Lipakate.”

Nikalipakata. Sonic akaanza kulitikisa polepole, kushoto, kulia. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu nikatupia jicho ukutani, kidogo tu.

“Nimekuona,” akasema.